Kisanduku Kidogo

Fomu inauliza: nani akutibu?
Nafasi yenyewe ndogo, kama tundu la kifungo.
Odoyo, mwanangu, kapiga simu kutoka Nakuru:
"Mama, andika daktari. Wa Kisumu. Kule kwenye lifti."
Kana kwamba presha hupanda kwa lifti
ikashuka kwa ngazi.

Daktari huyo nilimwona, mwaka wa mafuriko.
Saa nne kwenye benchi, dakika nne mbele yake.
Alikuwa mwema, sikatai,
ila alinisoma kwenye karatasi
na karatasi haikuwa na miguu.

Wetu yuko hapa Ahero, nyuma ya duka la mbolea,
mlango wa kijani unaokwaruza sakafu.
Konsolata Nyanjom.
Nilimwita daktari, akanisahihisha
huku akinifunga kitambaa cha presha:
"Mimi tabibu, mama. Daktari ni mwingine."
Nikajisemea, huyu asiyejiongezea jina
hataniongezea ugonjwa,
wala hatanipunguzia.

Akasema, vua viatu.
Miaka sitini na saba,
nani aliwahi kuziuliza nyayo zangu habari?
Akapiga magoti kwenye saruji,
akagusa kidole kimoja kimoja kwa uzi wa pamba.
"Wasikia hapa? Na hapa?"
Kidole cha tatu kikanyamaza.
Miaka thelathini nimekizamisha kwenye tope la mpunga,
nacho kimekwenda zake
bila hata kuniaga.

Sukari, akasema,
na hakushusha sauti kama anayemtaja mwizi.
Akauliza chumvi, akauliza uji wa asubuhi,
akauliza, unakula na nani?
Nikamjibu: mimi na redio.
Hilo nalo akaliandika.

Februari jicho la kushoto likaingia ukungu.
Alilimulika, akazima tochi, akakaa kimya kidogo.
"Mkono wangu unaishia hapa."
Akaniandikia barua ya kwenda Urusi,
Urusi yetu ya Kisumu, si ile ya theluji,
na usiku, mimi nikisonga ugali wa mtu mmoja,
simu ikalia: "Ulifika? Walisemaje?"

Odoyo, shahada yako nimeilipia kwa ng'ombe wawili
na shamba la kando ya mfereji.
Usinifundishe thamani ya vyeti.
Siku ya kupasuliwa nitamtaka mpasuaji,
tena aliyesoma mpaka nywele zikamtoka.
Lakini Jumanne ya kawaida,
mguu unapowaka moto bila moto,
dawa zimebaki tatu na mvua imefunga barabara,
namtaka anayejua kidole kipi kimenyamaza.

Basi nimeandika. Kalamu ya kukopa, wino unakatika.
Konsolata Nyanjom, tabibu.
Jina refu, kisanduku kifupi:
herufi tatu za mwisho zimetoka nje
zikakaa pembeni, juu ya mstari
ulioandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu."
Ofisi itasogea.