Zamu ya Mtu Mmoja

Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na nusu,
miguu ikavitafuta viatu vyeupe chini ya kitanda.
Hakuna zamu, nikaiambia. Hakuna wodi.
Kuna nyumba tu, ya vyumba vinne, Limbani, Wete,
na vumbi la miaka thelathini na tatu
lililokuwa likiningoja kwa adabu.

Basi nikalivamia.
Wiki nzima: tandabui za darini, mapazia, mito,
masufuria nikayasugua kwa jivu na mchanga
hadi nikauona uso wangu, nikauchoka.
Sahani kumi na mbili za kabati la kioo,
zenye ukingo wa mawaridi, alizoniachia mama,
ambazo hakuna aliyepata kuzilia wali,
nikaziosha moja moja kama vitoto vichanga.
Ijumaa kiuno kikagoma.
Nikalala chali sebuleni, nahesabu misumari ya dari:
mimi niliyewageuza wagonjwa wa kilo tisini
nimeangushwa na dirisha.

Wiki ya pili sikufanya kitu.
Nguo zikafurika tengani. Kuku wa jirani akaingia jikoni,
akazunguka, akatoka,
hata yeye hakupapenda.
Mdogo wangu Time akapiga simu kutoka Mkoani:
“Tafuta msichana.” Nikasema nitatafuta.
Sikutafuta. Msichana naye ana kwao kwa kufagia.

Nikatoa daftari, nikapiga mistari kwa rula
kama ripoti ya usiku. Jumatatu nguo. Jumanne jiko.
Jumatano vioo na choo, asubuhi, mchana, jioni.
Nilipofika Alhamisi nikacheka peke yangu:
muuguzi mmoja, zamu tatu,
nani atampokea nani?

Nikaichana.

Sasa ni hivi. Nikishasali alfajiri,
ufagio wa chelewa, uani tu, kuelekea kwenye mlimau.
Jua likinikuta, nasimama hapo hapo.
Likinikuta katikati, katikati inatosha.
Nguo ni ndoo moja, maji yakitoka;
yasipotoka, nina udhuru.
Chumba kimoja kwa siku, tena si kila siku.
Cha Kombo, aliyeko Maskati, nafungua dirisha tu,
upepo una mikono kuliko mimi.
Na adhuhuri ikishaadhiniwa
sishiki tambara hata dari lianguke.

Halafu, kila siku, kitu kimoja nakiacha.
Kwa makusudi.
Kikombe chenye machicha ya chai, shuka haijakunjwa,
kijiko kimejilaza sinkini.
Wodini ukiacha kitu, kuna mtu atakilipia kwa homa.
Usiku wa kwanza nilikiamkia kile kikombe mara mbili,
nikakitazama kwa tochi, karibu nikishike paji.
Hakikuwa na joto. Nikarudi kulala.

Zile sahani, kumi nimempa Mize, binti wa Time,
anaolewa mfungo mosi.
“Lakini hizi ni za wageni, mama mkubwa.”
Wageni gani, mwanangu? Nimewangoja miaka thelathini.
Mbili nimebaki nazo, na humo nalia:
nalia wali na mchuzi wa changu, silii machozi,
moja leo, moja kesho, ya jana ikilowekwa.

Zamani mtu akipiga hodi nilipaza sauti, “Ngoja!”
huku nasukuma vitu kwa mguu chini ya kochi.
Jana ilikuwa Bi Chumu, mikono inanuka karafuu,
ametoka kugeuza za kwake barabarani.
Nikamfungulia bila kutazama nyuma.
Akaingia, akakiona kikombe cha asubuhi juu ya meza,
nzi mmoja anakizunguka kama daktari.
Nikangoja aseme.
Akavua kanga ya kichwani, akaketi,
akauliza kama birikani mna kitu.