Mshono wa Cherehani

Alhamisi, Łódź. Theluji imeziba dirisha la jikoni.
Halszka kaleta keki ya jibini,
Wiesia kaleta miwani mbili:
moja ya machozi, moja ya makosa.

Malkia anashuka ngazi, mshumaa mkononi.
"Simamisha hapo!"
Wiesia huyo, miaka thelathini kiwanda cha nguo,
kidole kishafika kwenye kioo cha runinga:
"Oneni pindo lile. Mshono wa cherehani!
Na cherehani yenyewe haijazaliwa bado."

Tunacheka hata chai inamwagikia paka.

Kisha mjumbe anawasili, farasi wake povu tupu,
barua ina lakiri nyeusi.
Malkia anaigeuza, haifungui.
Keki imesahauliwa kwenye uma.
Hakuna anayetazama pindo.

Kimyakimya,
Wiesia anabadili miwani.