Kifuniko cha Dawa ya Kikohozi

Dukani kwa Mringo, Gerezani,
chupa mbili juu ya meza ya kioo.
Moja nyekundu kama juisi ya rozela,
lita elfu nane.
Ya pili kijani, imetulia kama mgeni wa heshima,
elfu ishirini na nne.

"Hii ya madini," akasema, "imetoka ardhini
na tabia zake za ardhini.
Hii sintetiki imepikwa maabara,
kila chembe sawa na mwenzake,
kama wanafunzi mstarini."
Akaangalia buti zangu, ukoka umenasa kwenye kamba.
"Ya kufyekea, siyo? Beba nyekundu, mama.
Mashine ya majani hairingi."

Sikumjibu. Nilikuwa kwenye hesabu.
Nyekundu inataka mililita arobaini kwa lita ya petroli:
mia tatu na ishirini.
Kijani inaridhika na ishirini:
mia nne na themanini.
Tofauti mia moja na sitini,
nami kwa siku nachoma lita tatu.
Maandazi mawili, basi.
Maandazi mawili ndiyo yaliyonisimamisha
jua la saa sita likinichoma kisogo.

Ila hesabu hii ina mkia.
Kuna plagi inayovaa masizi kila wiki ya pili.
Kuna ile siku ya Mei, ekzosi ilipoziba
katikati ya uwanja wa shule, Mwananyamala,
watoto wakinishangilia dirishani: imezimaaa!
Fundi Ligola akaikwangua,
ukoko ukatoka kama wa wali ulioungua,
ukatoka na elfu kumi yangu.

Tena oili ya gari huzunguka, ikarudi chini kupumzika.
Hii yetu hairudi.
Inaingia na petroli, inaipaka pistoni mara moja,
inaungua, imekwenda.
Nikajiuliza: kitu cha pumzi moja, ukinunue ghali?
Nikajiuliza tena, maneno yaleyale,
na safari hii jibu likawa jingine.

Mashine ni ya Shomvi.
Miaka tisa kaivaa begani,
kingo za barabara ya Bagamoyo, makaburi ya Kinondoni,
mpaka kifua kilipomkalisha.
Kipimo chake kifuniko cha dawa ya kikohozi:
"Viwili kwa lita, Sikudhani,
na tone la sadaka."
Tone la sadaka lilikuwa robo kifuniko.
Tukafyeka ndani ya wingu la buluu,
yeye mbele, mimi na reki nyuma.
Daktari hakusema ni moshi.
Hakusema si moshi.

Nikalipa ishirini na nne.
Mringo akafunga chupa kwenye gazeti,
kimya, kama amefunga dawa ya mtu mwingine.

Kinondoni, alfajiri ya pili yake,
nikapima kifuniko kimoja.
Mkono ukabaki hewani ukitafuta cha pili.
Nikavuta kamba. Sauti ileile.
Nyuma yangu, hakuna kitu.
Mara mbili nilizima nikidhani kuna kasoro.
Kisha nikazoea, nikafyeka,
na kwa mara ya kwanza nikasoma majina
kabla majani hayajatua.

Jioni nikatundika kanga mlangoni.
Shomvi akageuka kitandani,
akavuta hewa taratibu, kwa vituo,
kama anayetafuta ufunguo gizani.
"Leo hukwenda kazini?"
"Nimekwenda."
"Mbona hunuki?"

Uvunguni chupa nyekundu ina robo bado.
Kuzichanganya, Mringo kanikataza.
Nikamwekea elfu ishirini kiganjani,
noti nne zilizokunjwa na familia ya marehemu.
Akazipeleka puani.