Ulimi wa Kiatu

Ukitaka panda, panda.
Ndivyo tulivyosema Doho, tukacheka kila mara
kana kwamba neno hilo tumelizaa sisi.
Nikaupanda mpera wa nyuma ya choo,
kisu cha jikoni nimekibana kwa meno.

Mwembe nilishaujaribu: ulivunjika siku ya pili
ukanichapa pua. Mbuni ni mgumu kweli,
lakini mibuni ya mama ilikuwa na hesabu,
kila tawi karo ya mtu.
Mpera haudai. Mpera hupinda, hununa, hurudi.
Nilitafuta pembe mbili zilizolingana,
si kama za ng'ombe wa Mudoma, moja juu moja chini,
na mpini wa kujaa ngumi yangu,
ngumi ya miaka kumi na mmoja.
Nikaiweka darini, juu ya moshi wa meko,
siku tisa. Siku ya tano nilichungulia.
Siku ya sita pia.

Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa.
Ukibonyeza punje inakutemea cheupe kidoleni,
na kwelea wanaijua tarehe hiyo kuliko bwana shamba.
Walikuja kutoka upande wa Manafwa
kama shuka linalokung'utwa.

Mpira: hapo ndipo penye gharama.
Tyubu nyeusi za siku hizi, alisema Mugoya fundi baiskeli,
zimekufa kabla hazijazaliwa;
unazivuta, zinabaki huko huko zikifikiri.
Yeye alikuwa na kipande cha tyubu nyekundu ya lori,
amekifungia mguu wa benchi lake.
Bei: madumu manne ya maji
kwa lile beseni anamotafutia pancha.
Nilibeba matano, maana moja lilivuja njiani lote,
na yeye, fundi wa kuziba, akalitazama akacheka tu.
Vipande viwili, upana wa kidole gumba.
Nilivigusisha shavuni:
mpira ulio hai una joto kidogo.

Ngozi ikabaki.
Higenyi, kaka yangu, alikuwa ameacha shule
akaenda Mbale kuendesha bodaboda ya mtu.
Viatu vyake vya shule vilikaa chini ya kitanda
vikimsubiri, kama mama.
Nilikata ulimi wa kile cha kushoto.
Krismasi alipokuja akavivaa ili kutuchekesha,
vikambana hadi akatembea kama kuku juu ya majivu ya moto,
kisha akatazama chini, akasema,
"Hiki kimekuwa bubu. Nani kakikata ulimi?"
Mama akaendelea kuchambua maharage.
Vyote viwili, nadhani, vilikuwa bubu tayari.

Mawe, hapana. Hiyo ilikuwa sheria ya mama:
jiwe likianguka mpungani halioti,
litaingia guniani, litavunja meno ya mashine kinuni
au ya mtoto wa watu Kampala.
Tulifinyanga udongo wa mfereji,
gololi mia na kitu, tukazianika juu ya bati
mpaka zikalia zikigongana.
Ikikosa ndege, maji ya shamba huirudisha tope.

Na zilikosa. Acha niseme ukweli:
msimu mzima niliangusha kwelea mmoja,
mwepesi kuliko gololi iliyompiga,
nikamfukia kwenye tuta, sikumwambia mtu.
Wengine walifukuzwa na mlio tu,
ule *pwaa* wa mpira mwekundu
ukiutupa ulimi wa Higenyi mbele.

Leo nachagua mchele jikoni kwangu, Nakawa.
Kidole kinakutana na kitu kigumu,
udongo, mviringo upande mmoja.
Sikitupi.
Nakitia kwenye kikombe cha maji,
nakitazama kikilegea,
na kumuuliza mtoto nisiyemjua:
panda yako ni ya mti gani?