Tambarare

Daktari alisema: tembea, lakini tambarare.
Nikamtazama usoni nione kama anatania.
Mwanza hii? Mji uliokaa juu ya mabega ya mawe,
ambako hata kuomba chumvi kwa jirani ni kupanda?
Akaandika kwenye cheti, mwandiko wa kuku anayeparura:
nusu saa, asubuhi, goti lisibishane na kilima.

Basi nashuka na bodaboda mpaka darajani,
namlipa kijana, nakamata mwavuli uliogeuka mkongojo,
naufuata Mirongo.

Si mto wa kusifiwa. Nausema ulivyo:
umebeba chupa, kandambili ya mguu mmoja, povu la sabuni,
leo umebeba na mpira, watoto wawili wanaubembeleza kwa ufito.
Lakini maji hayajui kupanda, na hiyo ndiyo adabu yake.
Yanakwenda chini tu, polepole, hadi ziwani,
na mimi siku hizi nataka mwenzi wa namna hiyo.

Mafunjo machache yamerudi bila kualikwa.
Fundichuma kasimama kwenye bomba lililokatika
kama karani anayesubiri faili.
Nyanzobe anaanika dagaa juu ya chandarua kuukuu.
"Goti linasemaje leo?"
"Linanung'unika, ila linakuja."

Kisha ukuta unaisha, na njia inaingia
pale palipokuwa jineri.

Wamepasafisha. Mabati wameyang'oa,
mashine wamewauzia watu wa vyuma chakavu,
wakapanda miti, wakamwaga kokoto laini
kwa ajili ya watu kama mimi
na vijana wanaokimbia bila kufukuzwa na mtu.
Boila wameiacha. Imelala ubavu, imepakwa bluu,
watoto wanaingia tumboni mwake kupiga kelele
wasikie zikiwarudia.

Nilifanya kazi hapa misimu kumi na miwili.
Macho yanakataa, miguu inakumbuka:
hapa mizani, iliyokosea daima upande mmoja;
hapa marobota, na sisi kivulini mwake
tukila mihogo yenye vumbi jeupe;
hapa Lushinge aliacha kidole na nusu
na meneja akauliza kwanza kama pamba imechafuka.
Sasa pana benchi. Msichana anamsuka mwenzake.
Sikumwambia. Angekifanyia nini kidole cha mtu?

Tulikohoa pamba. Niliikuta kwenye kope,
mwanangu akinyonya alipiga chafya.
Na jioni, king'ora kikilia, foleni getini,
mikono juu, tupapaswe kiunoni, tupekuliwe nywele,
nani kaficha ngumi moja ya kujazia mto.
Mto wangu ulikuwa wa majani makavu,
uliongea usiku kucha kuliko huu wa maji.

Leo, nyuma ya msingi uliovunjika,
nimekuta mpamba umejiotea kwenye ufa wa saruji.
Hakuna aliyeupanda, hakuna anayeupima.
Una vitumba vinne. Kimoja kimepasuka,
cheupe, kinachungulia kama jino la kwanza.

Nikatazama nyuma. Nikatazama mbele.
Mwanamke wa miaka sitini na sita!
Nikakichuma, nikakitia mfukoni.

Geti halipo. Zimebaki nguzo mbili
na katikati yake upepo wa ziwa.
Nilipofika hapo miguu ilisimama yenyewe,
na mikono, sijui niseme nini juu ya mikono hii,
ikapanda juu, mwavuli ukining'inia.

Kijana aliyekuwa akikimbia akapunguza mwendo.
"Bibi, ni zoezi gani hilo?"
"La mabega," nikamwambia.

Akasimama kando yangu, akainua yake.