Kamba ya Katani

Niliitwa kuchora, sikuitwa kusema.
Mimi ni fundi wa vibao vya maduka, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani;
herufi zangu zimeuza sambusa, saruji na dawa ya kunguni.
Lakini kamati ya uwanja wa kikapu ilitaka mistari,
na kabla ya mistari ilitaka kubishana.

Kocha Semboja alisema: tuusukume upinde,
mita saba na nusu toka kikapuni,
walinzi watawanyike, katikati pafunguke.
Sasa hivi, akasema,
ni watu kumi ndani ya jiko moja.

Mweka hazina, Bi. Mwantumu Kihiyo, akauliza bei ya lita.
Kisha, bila kuombwa:
Uwanja si nguo, kwamba mtoto akinenepa unaachia pindo.
Asiyefunga kwa karibu atafunga kwa mbali?

Kombo, mwandika pointi, akataka kinyume:
vuteni karibu, watu waje waone nyavu zikicheka.

Hakuna aliyetaja ukuta.
Ukuta wa ghala ulikula mita moja na robo, miaka mingi sasa.
Kwenye kona ile ukitaka kurusha
kisigino kiko kwenye tofali
na kiwiko kinachubuka.
Kanuni inasema ishirini na nane kwa kumi na tano.
Sisi tuna tulichobakiziwa.

Wakatoka bila kuamua. "We chora kama zamani."

Zamani ipi?
Nilikwangua, nikakuta matabaka:
njano ya upinde wa sita na robo,
chini yake buluu, lile eneo la kale lililotanuka kama gauni,
chini yake nyekundu, hata sikujua ni ya mchezo gani.
Kila waliopita waliapa kwamba mstari wao ndio wa mwisho.

Nikapiga msumari, nikafunga kamba ya katani,
mita sita, sentimita sabini na tano, fundo.
Ilikuwa alfajiri, mvua ya vuli imetoka kupita, kamba imelowa.
Nikazunguka upande wa msikitini.
Jua likapanda. Nikanywa chai, nikala kitumbua,
nikahamisha msumari, nikazunguka upande wa ghala.
Adhuhuri nikapima kwa futi ya chuma:
katani ilikuwa imejikunja kwa maji
ikajinyoosha kwa jua.
Kiganja kizima cha tofauti.
Rangi imeshakauka.
Nikanyamaza.

Wiki ya nne hii nakaa kwenye ngazi, penseli sikioni.
Upande mfupi wanarusha upesi: pasi moja, mbili, hewani.
Upande mrefu wanasita, wanaingia ndani, wanageuka,
pasi inazaa pasi,
na mara nyingine inazaa mpira uliopotea.
Pointi? Zinakaribiana kama ndugu waliogombana.
Jumamosi moja zilipishana kwa nane,
ila siku hiyo upepo ulivuma toka ghalani
na refa alikuwa na haraka ya harusi.
Naandika. Nafuta. Naandika.

Kamati bado inakutana. Semboja ameleta michoro,
Bi. Kihiyo ameleta risiti.
Wote wawili wanausifu ulinganifu wa kazi yangu.

Jana alikuja Mwanamvua, wa darasa la saba,
raba moja imefungwa kwa uzi wa nyavu.
"Fundi, upinde wa msikitini umeuchora karibu."
Nani kakwambia?
"Vidole vya miguu."
Nikasema nitaurekebisha, usimwambie mtu.
"Uache," akasema.
Akarudi nyuma, akauvuka mweupe,
akarudi tena, mpaka pale ambapo hapajawahi kupakwa rangi yoyote,
akarusha.

Mpira ukagonga chuma, ukaruka ng'ambo.
Akaufuata mwenyewe hadi mtaroni,
akaufuta tope kwa sketi,
akarudi palepale.