Chupa Iliyobonyea

Chupa yangu imebonyea ubavuni.
Ilianguka kwenye ngazi za posta, mwaka wangu wa kwanza kazini,
ikalia kama kengele, watu wakageuka.
Tangu siku hiyo haisimami wima mezani.
Inaegemea, kama mtu anayesikiliza.

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, hapa Mbale.
Naingia nyua za watu, mbwa nawaita kwa majina,
nainama, nafunua kifuniko, nafuta utando wa buibui,
naandika tarakimu, natoka.
Ikifika saa nne Wanale imeshavua ukungu wake
na chupa imekuwa nyepesi.
Ndiyo, cheka. Msoma maji ana kiu.

Ningeweza kununua. Elfu moja tu:
unywe, utupe, kesho uikute mtaroni
ikisukumana na wenzake kuuwahi mto Namatala
kama wanafunzi waliosikia kengele ya mwisho.
Lakini elfu moja kwa siku sita ni kilo ya sukari
na kitu juu yake. Basi naomba.

Kuomba maji kuna adabu yake.
Usianze na kiu. Anza na habari za usiku,
sifia kitu, pazia, au mtoto aliyeota jino,
chupa uishike tu, usiitikise.
Mwenye nyumba ataiona mwenyewe.

Kwa Nabutuwa, fundi cherehani, maji yana moshi:
huyachemsha kwa magunzi,
huyachuja kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mtu.
Msikitini, bomba la tatu ndilo lenye nguvu,
yale mawili hukohoa.
Zahanati ya Nkoma hutia klorini;
ukinywa unahisi umesamehewa.
Wamono muuza simu ana mashine ya buluu inayobubujika,
naye humimina akikodoa macho:
"Mpaka kwenye kibonyeo, dada. Usipite."

Benki, mlinzi alinisimamisha mlangoni.
"Maji ya ndani ni ya wateja."
Nikatoa kitabu changu cha akiba, kina elfu kumi na nne,
nikaingia kama waziri.
Nilipotoka akanisogelea, sauti chini,
mkononi chupa ya juisi iliyochubuka karatasi:
"Mimi hapa mwaka wa tisa. Akaunti sina."
Nikarudi ndani. Nikajaza ya kwake kwanza.

Mwisho ni Namakwekwe, nyumba ya lango la bati.
Mita yake imemezwa na majani, haijazunguka tangu Machi.
Ile tarakimu niliiandika mimi.
Fundi alikuja na spana
kwa sababu ya mwandiko wangu.
Sina cha kusoma pale sasa. Hupita tu,
sijui kwa nini. Au najua.

Ukutani jerikeni tatu za njano, mia tatu kila moja,
na Khainza, mwanawe, ameketi juu ya toroli
akipuliza malengelenge ya viganja.

Jana nilificha chupa nyuma ya daftari.
Mama yule aliiona. Akanyoosha mkono, hakusema neno,
akaingia ndani. Nikasikia kata
ikigonga ukingo wa mtungi,
mara moja,
mara ya pili,
nikadhani basi,
mara ya tatu.

Ikarudi nzito, inatoka jasho.
Alikuwa amekipita kibonyeo, amejaza hadi shingoni.
"Jua kali," alisema, kana kwamba jua
ndilo tulilokuwa tukidaiana.

Nilishuka mteremko bila kunywa.
Chupa ilinigonga pajani kila hatua,
nami, kwa mazoea,
nikawa nahesabu.